Kompyuta Imesema Hakuna Burito

Mama Pelagia mpendwa, shikamoo, nakuomba uniokoe. Mimi ni msimamizi katika ofisi moja ya serikali hapa Musoma, na mwaka huu tulipewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta mafaili yote ya kile kinu cha pamba cha Bunda kilichobinafsishwa, kwa sababu wafanyakazi walioachishwa wameishtaki serikali wakisema waliahidiwa kwamba mnunuzi atawarudisha kazini, basi kila karatasi inasomwa, inaandikwa inahusu nini na imesainiwa na nani, ili wakili wa serikali akitaka jambo aandike jina tu na kompyuta imletee. Nilikuwaga na wasomaji wanne, na rafu nzima ya utumishi nikampa Dorkas kwa sababu ameolewa kijiji cha Buswahili na watu wa kile kinu anawafahamu, na siku ileile akaniambia bosi, hizi mpe mwingine, maana afisa utumishi wa kinu alikuwa mzee Burito ambaye ni baba mkwe wake, na unajua sisi huku mwanamke hatajagi jina la mkwe, wala kuliandika hawezi, lakini mimi nikacheka mbele ya wenzake nikamwambia dada, kompyuta haina wakwe, piga kazi. Akapiga. Sasa mahakama imeagiza serikali itoe kila karatasi aliyosaini Burito, wakili akaandika jina, kompyuta ikasema hakuna, nikafurahi sana, nikasaini tamko kwamba tumepekua kote na karatasi hizo hazipo, kumbe juzi nafungua mwenyewe naona kila penye jina la mkwe wake Dorkas ameandika “mzee wa utumishi” au ameacha wazi, na karatasi zenyewe ziko stoo, hata ile ya ahadi nimeishika kwa mikono yangu. Kesi inatajwa Jumatatu. Mke wangu anasema niseme ukweli, ila yeye haelewagi mambo ya ofisi, serikali ikishindwa watanitupa nje, na zama hizi kazi nyingine utaipata wapi? Nimefikiria nikae kimya, au nimwandikie Dorkas barua ya kumfukuza kwa uzembe ili likija kuzuka liwe lake. Lipi lina busara?

Msimamizi, mtaa wa Nyakato, Musoma (jina langu tafadhali usilitoe)

Marahaba, msimamizi. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La huyo dada ulilimwaga lote, na la mkwe wake, ikabidi niyabadilishe mimi.

Lipi lina busara, eti! Umeniletea maovu mawili unataka nikuchagulie lililo tamu. Pole nakupa, kwa sababu hofu ya kukosa kazi siku hizi naijua, kaka zangu wawili wako nyumbani tangu kiwanda chao kifungwe. Pole yenyewe imeishia hapo.

Mtu amekuambia mapema, tena kwa adabu, kwamba kazi hii haiwezi. Ulikuwa na wasomaji wengine watatu! Kubadilishana rafu kungechukua muda wa kunywa chai. Wewe ukaona hapo ndipo pa kuonyesha umaendeleo, ukamcheka mke wa watu. Nawe ni wa huku huku, hukushuka na ndege. Mama mkwe wako akitokea njia ya Kigera, si unakata kona kwenye mihogo ya watu? Halafu ukamtaka mwenzio amwandike mkwe wake kutwa nzima.

Na hivi, unasimamia nini hasa? Ofisi zenu nazijua. Kompyuta mmeivika kitambaa cha kufuma, mnavua viatu kuingia chumbani kwake, lakini kuangalia kilichoingizwa humo, thubutu! Ungefungua faili moja tu la Dorkas kabla ya kusaini ungeliona. Kompyuta ilisema jina hilo halimo. Kwamba karatasi hazipo ulisema wewe.

Tena acha kujifanya unailinda serikali. Hukupewa kazi ya kushinda kesi, ulipewa kazi ya kutafuta karatasi. Kule Bunda kuna watu wamekaa na ahadi mdomoni, hakuna anayewaamini, na wewe ahadi yao umeifungia stoo. Jumatatu wataitwa waongo mbele ya hakimu, nawe ukijua si waongo. Unaweza kukaa kimya na hilo? Basi tumbo lako gumu.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi, kabla hujafika ofisini, mfuate wakili umwambie tamko lako si la kweli, umpeleke stoo akaone kwa macho yake. Kisha ile rafu ya utumishi keti nayo mwenyewe, uandike Burito kila panapostahili mpaka vidole vife ganzi. Dorkas mpe rafu nyingine, na umwombe radhi mbele ya walewale waliokusikia ukimcheka. Barua ya kumfukuza chana. Na mkeo, yule asiyeelewa mambo ya ofisi, kuanzia leo msikilize.

Kazi inaweza kwenda, sikufichi. Lakini wakili akikuuliza ni nani aliyesaini kwamba karatasi hazipo, usianze kuzunguka na “kuna dada mmoja pale ofisini.” Taja jina lako, la ubatizo na la ukoo. Hilo si la mkwe, halina mwiko.