Spika ya Bi Somoe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Nakuandikia kuhusu spika ya Bi Somoe wa Mahurunga. Vifaa vingine vyote vya wateja wako vimekwenda kwa wenyewe. Siku ya mazishi yako, kabla jeneza halijatoka uani, baba mdogo alisimama mbele ya watu. Mimi nilikuwa ndani pamoja na wanawake, karibu na dirisha, nikasikia kila neno. Alisema, "Kama kuna anayemdai ndugu yetu, au aliyeacha amana yake kwake, aje kwetu tuliobaki." Basi wakaja, wiki nzima. Kila kifaa kilikuwa na karatasi uliyoibandika mwenyewe: jina, mahali, na ugonjwa wake. "Haishiki stesheni." "Inanguruma." "Picha inacheza." Wengine walichukua redio zao bado mbovu, wakasema Mungu akurehemu, wakaenda.

Spika ya Bi Somoe ilibaki kwenye rafu ya chini. Karatasi yake ilisema, "Waya wa umeme umekatika." Ugonjwa mdogo kabisa. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ndani yake hamkuwa tena na aisii ya amplifaya, na siku ile dirishani nilinyamaza.

Unaikumbuka Alhamisi ile? Hamisi wa Ufukoni, anayepiga muziki wa harusi, alikuja anatokwa na jasho, spika yake kubwa imebebwa juu ya toroli. "Fundi, niokoe! Jioni hii nina harusi. Bibi harusi aingie kwa makofi?" Uliifungua, ukainusa kama kawaida yako, ukasema aisii imeungua. Hukuwa na nyingine. Ulitazama rafu, ukaniambia, "Niletee ile ya Mahurunga."

Nililegeza skrubu nane za nyuma, moja baada ya nyingine, kama ulivyonifundisha, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo zisipotee. Nikashika tochi. Ukaitoa aisii yake, kile kidude cheusi chenye miguu kumi na mitano, ambacho ndicho kinachoipa spika nguvu ya kusema, ukakifunga kwenye spika ya Hamisi.

Nikakuuliza, "Baba, na Bi Somoe je?"

"Mahurunga ni mbali, hawaji kesho. Nitaagiza kingine Dar, kitafika kabla yao." Kisha ukacheka. "Mama yako asijue, ataanza kunihubiria."

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku tisa baadaye presha ilikuangusha palepale mezani, na hukuwahi kuagiza chochote.

Baada ya arobaini yako, Mzee Issa, mume wa Bi Somoe, alikuja. Hakuwa na habari ya msiba. Alikaa kwenye benchi lako akalia kimya, akajifuta kwa kofia yake. Halafu akauliza taratibu, kama anayeona haya, "Na ile spika, mjukuu wangu, ilipona?" Akanieleza kwamba mkewe amepooza miguu, hatoki kitandani, na masikio yake yamekuwa mazito. Redio ndogo haisikii. Anasikia kwa spika ile tu: Kurani ya alfajiri, taarifa ya habari, na kipindi cha salamu mchana.

Nilimjibu, "Bado kidogo, babu. Inasubiri kifaa."

"Haya," akasema. "Nikamwambie bado."

Jioni ile nilimweleza mama kila kitu. Hakunihubiria, Baba. Aliendelea kuchambua mchele mpaka akamaliza, kisha akasema, "Nilijua kuna jambo. Ulikuwa unaizunguka hiyo spika kama kaburi."

Nilianza kwa Hamisi. Nilidhani nikimwambia ukweli atanirudishia. Alinitazama kwa huruma, lakini mikono yake ilibaki kifuani. "Dada, baba yako alinitengenezea. Alikitoa wapi, mimi sikuuliza, na sasa sitaki kujua. Jumamosi nina kazi." Nikaondoka. Hakuiba yeye.

Fundi mmoja wa sokoni akaniagizia aisii kutoka Dar kwa basi. Ilipofika niliipangusa kwa pamba yenye petroli, kama ulivyokuwa unafanya, na maandishi yakatoka yote pambani. Nilijua maana yake: ni ya bandia. Lakini nilikuwa nimeingoja siku kumi na moja, na moyo ukaniambia labda. Niliichomea mguu kwa mguu, nikaunganisha umeme kupitia ile balbu yako ya majaribio. Ulinifundisha kwamba balbu ikiwaka mara moja na kufifia, kifaa ni kizima. Ikiwaka na kubaki inawaka, zima haraka. Ilibaki inawaka. Kabla mkono wangu haujaifikia swichi, ile feki ilipasuka, na kipande kikaruka kikaniunguza kidevu. Mama alinipaka asali.

Aliyenisaidia ni mwalimu wetu wa fizikia. Katika stoo ya maabara kuna amplifaya ya zamani ya shule iliyopigwa na radi. Upande mmoja umeungua, wa pili haukuguswa. Nilimweleza ninachotaka na kwa nini. Alikwenda kwa mkuu wa shule, akarudi na karatasi yenye saini. "Toa," akasema, "lakini toa polepole, miguu ile ikikatika hakuna nyingine." Ilinichukua vipindi viwili vya mchana. Nami nilitoa huku nikaweka kule, Baba, kama wewe. Tofauti ni kwamba niliomba.

Safari hii balbu iliwaka, ikafifia. Nilikaa chini sakafuni.

Jumamosi mimi na mama tuliipeleka Mahurunga wenyewe. Uani kwa Mzee Issa wanawake watatu walikuwa wanaanika makopa ya muhogo, na watoto walitufuata mpaka mlangoni. Bi Somoe alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomfikiria, amefungwa kilemba cheupe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu nyumbani, maneno ya kusema taratibu, karibu na sikio lake, baina yetu wawili.

Nikainama. "Bibi, nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya baba yangu."

"Eeh?"

Nikarudia.

"Paza sauti, mwanangu! Masikio yangu yamezeeka kabla ya ulimi."

Nilimtazama mama. Mama akainamisha macho. Basi nikapaza. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Baba alitoa kifaa ndani ya spika yako! Akampa mtu mwingine! Hakukuomba!"

Kutoka uani nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Umesikia? Mafundi ndivyo walivyo, hata wangu wa cherehani." Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Uso ulinichoma kuliko kidevu kilivyoungua, lakini nilikuwa sijamaliza, na Bi Somoe alikuwa bado amenikazia macho. Nikaendelea kupiga kelele: kwamba nilishika tochi, kwamba siku ya mazishi nilinyamaza, kwamba nilimdanganya Mzee Issa.

Nilipomaliza alisema, "Washa kwanza."

Niliunganisha redio ya simu ya Mzee Issa, nikawasha. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji alikuwa anasoma majina ya watu, mmoja anamsalimu shangazi yake, mwingine wafanyakazi wenzake wa bandarini. Bi Somoe alifumba macho. Aliweka kiganja juu ya sanduku la spika, akaisikiliza kwa mkono pia. Tuliwasikiliza watu tusiowajua wakisalimiana, muda mrefu. Kisha akaashiria nipunguze sauti.

"Kifaa nimemsamehe," akasema. "Mbele ya hawa wote. Mungu asimuulize kifaa."

Mama akaanza kulia.

"Lakini miezi minne, mwanangu. Miezi minne natazama midomo ya watu na sijui wanasema nini. Mume wangu akicheka sijui anacheka nini. Hiyo siwezi kusema nimesamehe na moyo haujasamehe. Nitakuwa mnafiki."

Mzee Issa akamgusa bega, akasema karibu na sikio lake, "Somoe, mtu ni marehemu huyo!"

"Na mimi je, nilikuwa nani humu ndani?"

Alininyooshea mkono, nikaubusu, akaniacha niushike. Hakuuvuta.

Baba, nimewahi kuwaza kwamba siku moja nitasimama mbele ya watu na kukusifu, kwa sababu ulinifundisha mimi, msichana, kazi ambayo wengine huwafundisha wavulana tu. Sikupata kufanya hivyo. Jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kusema juu yako mbele ya watu ni kosa lako, nami nililisema kwa kelele. Nisamehe. Sikujua njia nyingine ya kukufungua na deni.

Sijui huko uliko mambo haya yanapimwaje. Najua kwamba madeni yapo mawili, na la kifaa limekwisha. La pili amelishika Bi Somoe, na ni haki yake kulishika. Tulipokuwa tunaaga, sauti ya spika imepanda tena, nilimuuliza kwa sauti kubwa kama naweza kuja kumtembelea hata bila shida yoyote. Alinisikia bila ya mimi kurudia. Akasema, "Njoo. Lakini usije kuniuliza kama nimesamehe."

Mungu akulaze pema.

Binti yako,
Mwanahawa