Mti Ulioudhamini, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Na wewe Zaina unayemsomea, marahaba, maana najua ulitaka kunipita bila kuniamkia. Soma taratibu, mdogo wangu, usiruke mahali hata pakikuuma. Mama, goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Magamba? Bado unashuka bondeni kumwagilia kabichi mwenyewe, wakati Zaina yupo na miguu yake miwili? Mimi huku Rungwe mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Chakula ni ndizi asubuhi na ndizi jioni, kwa hiyo hata nisipotaka nakumbuka nyumbani. Ila moyo hauko sawa. Kwenye simu nimejaribu kukwambia mara tatu, na kila ukisema "haloo mwanangu" naishia kuuliza habari za kuku.

Ni ile miti ya Baba.

Nilipokuja Idi ya mwaka jana nilikuwa bado kibarua wa kupalilia kwenye hili shamba la makadamia. Niliporudi wakanihamishia kwenye ukaguzi. Tunatembea mstari kwa mstari, mti kwa mti, tukitafuta ugonjwa wa kuvu unaokula gome la shina. Anayenifundisha ni mzee Ambindwile, Mnyakyusa mpole ambaye ukali wake wote ameuweka kwenye visu vichafu.

"Binti, usikimbilie kusema mgonjwa," huniambia. "Ukikuta tundu na unga wa mbao, huyo ni mdudu. Gome limekauka upande wa jua tu, hilo ni jua. Likiwa limedidimia, limekuwa jeusi, linatoa utomvu kama chai ya rangi, hapo sasa kwangua kidogo uone."

Mti mzima ukiukwangua, ndani unakuta rangi ya maziwa. Mgonjwa ni kahawia, na mpaka kati ya pazima na palipooza unauona kabisa. Kidonda kikiwa upande mmoja tunakikwangua mpaka tufike pazima, tunapaka dawa. Kikishazunguka shina, mti unapigwa rangi nyekundu, unakatwa na kuchomwa. Na kabla ya kuhamia mti mwingine lazima ufute kisu kwa spiriti. Siku ya kwanza nilisahau, mzee akanirudisha mwanzo wa mstari kama mtoto wa chekechea. Nikamuuliza hiyo kuvu inaingilia wapi.

"Gome ni mlango," akasema. "Mara nyingi kuna mtu aliufungua."

Nilicheka, Mama. Sikujua ananisema mimi.

Unakumbuka tulivyokwenda kuitishia miti ili iogope na kuzaa? Ulilalamika kwamba makadamia yote mitano ina majani tu, na Baba, ambaye kazi hiyo ilikuwa yake, hayupo tena. Ukasema nishike panga mimi niliye mkubwa. Nikalitoa lile panga nililotoka nalo huku shambani, nililokuwa nikilisifia tangu nashuka kwenye basi, nikasimama mbele ya ule mti wa karibu na jiko. Ule ambao Baba aliupandisha kutoka Lushoto mjini kwa miguu, mche kaukumbatia.

"Mti gani wewe! Unakula mbolea yetu bure! Leo nakukata!" Nikalipiga shina mara tatu, na kwa nguvu, maana nilitaka kuonekana nafanya kama Baba.

Ukaja mbio, kanga inakuanguka, ukaukumbatia. "Mwache, mwanangu, mwache! Mwakani atazaa. Mimi ndiye mdhamini wake!"

Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Tukaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Panga lile lile, sikulifuta hata kwa jani.

Na kweli ule wa jikoni ukazaa. Ulinitumia kifurushi cha makadamia yake, nikagawia wenzangu wote nikijitapa kwamba kwetu miti inasikia. Mzee Ambindwile alitafuna mbili, akauliza tuliufanyaje. Nilipomweleza akaacha kutafuna. "Mti ukiona kifo kinakuja, nao huzaa," akasema. Tangu siku hiyo sina raha.

Sasa Zaina amenitumia picha kwenye simu. Majani ya juu yamepauka. Pale nilipopiga panga kuna weusi, lakini wewe, Mama, umeshapasiliba kwa samadi na majivu, sioni kitu. Akapangusa, akapiga nyingine, ikatoka na ukungu. Nikampelekea mzee. Ameitazama mpaka kioo cha simu kikazima.

"Inafanana," akasema. "Ila kwa picha siwezi kuapa. Lazima mkono uguse."

Na mkono wangu uko huku. Ruhusa hakuna mpaka mavuno yaishe, nimeomba nikaomba tena. Bwana shamba wenu ana kata nzima na pikipiki moja, Zaina amemfuata mara mbili hakumkuta. Kutwa nakagua miti ya watu, na wetu mmoja siwezi kuujua. Sijui kama ugonjwa nilitoka nao huku kwenye panga, au ulikuwa udongoni unasubiri mlango. Mzee anasema hakuna wa kuniambia. Vyovyote vile, mlango niliufungua mimi. Nisamehe, Mama. Nimeandika nikafuta, sina maneno mengine.

Zaina, sikiliza. Chukua kisu, kifute kwa spiriti, kwangua kidogo pembeni mwa weusi. Ukikuta rangi ya maziwa, acha hapo, nipigie. Ukikuta kahawia, fuata uone kama imezunguka shina. Ikiwa upande mmoja tu, kwangua mpaka ufike pazima, kisha nipigie nikwambie dawa. Ikiwa imezunguka, ukateni, uchomeni hapo hapo, hata kuni zake msiingize ndani. Kisha kagua ile minne, na kisu ukifute kila mti. Mimi nitakuwa nimeshika simu tu. Na lile panga nililoliacha hapo, Mjomba Hamisi asiliazime kwenda kwenye maparachichi yake, hata akinuna.

Mama, nisalimie huyo Mjomba, kaka yako mwenye kununa. Nisalimie Bibi mzaa Baba, ila habari ya mti msimwambie kwanza. Na jirani yetu Mama Rehema, mwambie maziwa yake sijapata mfano wake huku.

Mama, nakujua. Zaina akishika shoka utatoka jikoni mbio na kanga yako, utaukumbatia ule mti na kusema mwakani. Nakuomba, safari hii usiudhamini. Simama mbali, mwache mdogo wangu aukate.

Ni mimi mwanao mkubwa, niliyeshika panga,
Mwanaidi