Wodi Inayotazama Magharibi

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Kilosa.

Mawingu yamekaa juu ya milima siku ya tatu sasa na hayataki kushuka. Joto la leo ni lile la kugandisha nguo mgongoni. Nina hasira, na nimeamua kuiandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwatetea watu.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Mwaka juzi kijiji kimoja cha huku kwetu kiliniomba nichore wodi ya wazazi ya zahanati yao. Nilichora kwa moyo wote. Kuta nene za matofali ya udongo wa palepale, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, juu ya msingi wa mawe ulionyanyuliwa, maana mafuriko ya huku tunayajua. Madirisha marefu upande wa kaskazini na kusini, ili mkunga aone kazi yake mchana bila taa na jua lisifike kitandani. Baraza pana, na upenyo chini ya paa wa kutolea joto.

Kamati ya ujenzi ikakataa. Mwenyekiti wake, mzee mpole wa sauti, alisema wananchi wamechoka na nyumba za tope. Wakaligeuza jengo litazame barabara, yaani magharibi, ili viongozi wakipita walione. Wakaweka tofali nyembamba za saruji, bati la rangi, dari ya chini, na madirisha ya vioo vya kusukuma pembeni, ambayo hata ukiyafungua yote unapata nusu tu ya hewa.

Jana niliitwa Mikumi, kwenye hoteli ya watalii inayotaka kuongeza vyumba. Nilipoingia ukumbini, ngozi yangu ilielewa kabla yangu. Kuta za udongo, nyasi juu, mwanga laini unaotoka chini ya paa. Mchana wa saa saba, na hakuna feni hata moja.

Na Mwenyekiti ameketi pale, na soda yake. Alikuwa amekuja kwenye semina.

Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha. Akaanza kuisifia hoteli. Akasema usiku wake wa kwanza alijifunika blanketi, kitu ambacho kwake nyumbani msimu huu hakifikiriki. Nikamwambia kwamba kuta anazozisifia ndizo alizozikataa kwenye mchoro wangu.

"Binti yangu, hapa ni kwa wageni," alisema. "Mgeni akilala kwenye udongo, anapumzika. Sisi tukilala kwenye udongo, tunaambiwa hatujaendelea."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Njiani kurudi nilipitia zahanati. Nesi Mwanahawa, mkunga wao, alinionyesha mablanketi aliyoyatundika madirishani kuzuia jua la alasiri. Chumba ni giza. Anashona wanawake kwa tochi ya simu, mchana kweupe. Akanisimulia kwamba Jumatano mama mmoja wa uzazi wa kwanza alizimia humo, umeme umekatika, bati linawaka kwa jua. Walimbeba kwa shuka hadi kwenye ukumbi wa jengo la zamani, mtoto akazaliwa sakafuni. Wote wawili wazima, kwa bahati.

Kisha akaniambia, taratibu, "Jina lako liko kwenye ramani pale ofisini. Nimekuwa nikikulaani kila alasiri."

Ndiyo. Nilisaini.

Nilisaini ramani iliyogeuzwa kwa sababu niliogopa kwamba nikikataa sitaitwa tena. Nilijidanganya kuwa wodi mbaya ni afadhali kuliko kukosa wodi. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu.

Jana hiyohiyo nilimwomba mganga wa zahanati ruhusa ya kutoboa kuta ili joto litoke, akakubali, mradi Mwenyekiti asikilizwe. Nikampigia. Nilimweleza habari za yule mama aliyezimia, na hakuwa amezisikia.

"Toboeni," alisema. "Ila nikija nisikute ufa."

Leo asubuhi nilirudi na fundi Selemani, niliyefanya naye kazi miaka mingi. Tulitoa tofali zisizobeba kitu, zile za juu kabisa chini ya bati, kaskazini na kusini, tukaweka nyavu za kuzuia popo na mbu. Tukabandua vipande vya dari. Joto lililokuwa limefungiwa humo lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Upande wa magharibi tukasimamisha kivuli cha mianzi, na Nesi Mwanahawa akayashusha mablanketi yake mwenyewe, akayakunja.

Alasiri tulisimama humo wote watatu. Chumba kina mwanga. Joto limepungua, lakini si sana. Ukuta wa magharibi bado ukiugusa unaondoa mkono haraka. Kiraka ni kiraka, na wanawake wataendelea kujifungulia humo miaka mingi kwa sababu ya woga wangu.

Nesi hajaniambia kama bado ananilaani. Sikumuuliza.

Jumatatu kamati inakaa kujadili ujenzi wa nyumba ya mganga, na wameniita nikasaini ramani yake. Nitakwenda. Nitazungumza mpaka wachoke na mimi.

Kalamu naiacha nyumbani.