Lema, Kwa Nini Piano Peke Yake?

Lema bro, sopa,

Ni mimi, Fujo, mpiga ngoma mkali kuliko wote kutoka hapa Noonkopir mpaka Namanga. Usicheke. Umekufa, huwezi bisha.

Bendi imesimama tangu tukuzike. Hakuna mtu anaweza kinanda kwa zile nyimbo zako ndefu za rock, zenye mdundo unaanza kwa kuhesabu nne, unahamia saba, mpaka wateja wa nyama choma wanauliza, "Nyinyi mnacheza ama bado mnajaribu mitambo?" Ulikuwa unaniinulia kidevu tu, na mimi najua hapo ndio tunageuka. Saa hii nageukia nani?

Sasa juzi mke wako, shemeji Naserian, ameniletea flashi. Akasema ni albamu uliacha. Nikafungua mbio nikidhani ni yale mazoezi yetu. Wapi! Ni wewe na piano ya kanisa ya Bisil, peke yenu, mwanzo mpaka mwisho. Kwa wimbo wa tatu kuna mbuzi inalia huko nje, nadhani ilikuwa siku ya soko. Lema, mbuzi ya Bisil iko kwa albamu yako na mimi siko!

Sielewi. Nilikukosea? Ama miaka hiyo yote nilikuwa nakupigia kelele na ukanivumilia tu? Si ulikuwa unasema, "Fujo, bila wewe naanguka"? Haya, mbona hujaanguka?

Shemeji alitaka niongeze ngoma ndio tuizindue Jumamosi. Nikashika vijiti, nikaweka ule wimbo wa mwisho. Unapunguza mwendo, unangoja, unaanza tena ukitaka. Kila mahali nilitaka kugonga, ulikuwa umeshapita, ama hujafika. Halafu nikasikia ukipumua. Nikaweka vijiti chini. Nililia, na mtu akiniuliza nitakataa.

Nimemwambia shemeji iende vile iko, na mbuzi yake. Amekubali. Lakini bado nimekukasirikia. Ama ni uchungu, sijui, zinafanana.

Pumzika, bro. Jumamosi nitakaa mbele kabisa, niikalie hii mikono, nisiguse kitu mpaka umalize. Hiyo nakuahidi. Na wakiuliza mpiga ngoma wako alikuwa wapi, nitawaambia uliniomba ninyamaze, nikakukubalia.

Ni mimi,
Fujo wako