Mamlaka ya Gavana wa Erdington

Erdington, Birmingham
9 Machi

Yaya Gisèle, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo umepoa? Mwanao Merveille ameshaota meno ya mbele? Mimi mzima, nimenona, na kwa bahati sina mshindani Birmingham yote. Watu wa jimbo letu tulio hapa tuna umoja wetu, na kiongozi wake tunamwita Gavana. Basi Gavana ni mimi, mdogo wako niliyefukuzwa shule darasa la tano. Nikiingia saluni ya Israël, wanaonyolewa wanasimama na povu kidevuni: Ekselansi!

Usidhani ni jina tu, Yaya. Gavana anateua mawaziri. Ruben ni Waziri wa Sufuria, maana kwenye matanga hakai mbali nazo. Gavana anaweza kukataa jambo lililokubaliwa na mkutano mzima, likafa palepale. Ruben alinisomea kwenye simu kwamba kule Amerika gavana wa jimbo anaweza kumsamehe hata mtu aliyehukumiwa kufa; anatia sahihi moja tu, mtu anabaki hai. Gavana wetu hana jela, ila ana barua. Mwenzetu akiomba hifadhi, Gavana anaandika kwamba huyu tunamjua, kijiji chake tunakijua, baba yake tunamjua. Anapiga muhuri, na hakimu anapata cha kushika.

Sasa nakuja kwa mume wako.

Shemeji Athanase alipofika walimpa chumba Washwood Heath. Alikuja kwangu kwa miguu, na suti ileile ya kufundishia. Nilimkumbatia, nikampikia ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikamvika koti langu zuri. Akaomba barua. Nikasema hilo jambo dogo, aje Jumamosi saluni.

Unakumbuka kwenye harusi yenu alivyowaambia wageni kwamba Hugues anahesabu mpaka vidole vinapoishia? Mlicheka wote, hata wewe. Mimi sikusahau.

Jumamosi nilitangaza mbele ya watu kwamba Gavana haandikii mtu asiyejua kazi ya Gavana. Mwalimu asimame, mikono nyuma, atueleze mamlaka yake. Alitabasamu, akadhani ni mchezo. Akaeleza vizuri, Yaya, kwa sauti ya darasani: gavana anateua nani, anasaini nini, na jinsi wabunge wa jimbo wanavyoweza kumwondoa. Hapo nikamkatiza. Amekosa, hakuna wa kumwondoa Gavana, arudi Jumamosi ijayo akiwa amesoma. Ruben akamshauri apige magoti, pengine akili itashuka. Tulicheka mpaka Israël akamkata mteja sikio.

Alirudi Jumamosi tano. Moja nilimfanya anishikie mwavuli hadi kituo cha treni. Nyingine nilimwambia muhuri umesafiri. Ya tano alipiga magoti kweli, bila kuambiwa, juu ya nywele zilizokatwa, na hakuna aliyecheka. Israël alinivuta nje akaniambia inatosha. Mimi nikarudi ndani nikamwambia shemeji aje wiki ijayo.

Wiki hiyo ndiyo alisimama mbele ya hakimu. Hakimu aliuliza imekuwaje mji umejaa watu wa jimbo lake na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anamjua. Athanase akajibu kwamba shemeji yake ni Gavana, barua iko njiani. Akapewa siku saba ailete. Siku zote saba alinipigia simu. Sikupokea.

Wamemfungia karibu na uwanja wa ndege, na tarehe ya kumrudisha wameshaiandika, ishirini na mbili ya mwezi huu. Wale askari waliovunja mlango wenu wakimtafuta, wewe unajua kama wamesahau. Nilikwenda kumwona na soksi na chakula. Barua hakuitaja. Aliniuliza kama nimekula.

Barua hii anakuletea mwenzetu Sagesse, anapanda ndege kesho. Simu naiogopa, nikisikia sauti yako nitaanza kudanganya. Usimngojee nyumbani. Chukua watoto mwende kwa mama mkubwa, na Athanase akifika, asilale nyumbani kwenu hata usiku mmoja.

Nisalimie wote, na Merveille umbusu kwa ajili yangu. Usimwambie ni nani aliyetuma busu hilo.

Na mimi si gavana, Yaya. Siku ya uchaguzi nilipata kura mbili, yangu na ya Ruben; Ekselansi ni jina la kunicheka. Gavana ni mama mmoja wa Ladywood, Annonciata, na anayebisha hodi kwake anaondoka na barua yake siku hiyohiyo. Athanase alisikia habari zake, akataka kumwendea. Nilimkataza.

Hugues