Mizizi Aliyoiosha Mkeo

Palakkad, Jumanne

Kaka Sukumaran,

Hatujambo, na nyumba inanukia. Mkeo Vilasini amemwaga chungu kizima cha mkojo wa ng'ombe, ambamo Baba alikuwa ameloweka mizizi ya sumu ili ipoe makali kabla ya kuitia kwenye dawa ya homa. Nilimkuta ameisugua kwa maji safi na kuianika, anajichekea.

"Wifi, si ilikuwa inanuka!"

"Inanuka ndiyo! Ndiyo kazi yenyewe hiyo!"

Umeoa msafi, hongera.

Nikamwita Baba, nikijua atamfokea. Wapi! Alikata kipande, akakiweka kwenye ncha ya ulimi kama afanyavyo siku zote, maana mzizi uliokwisha sumu hauleti ganzi. Akasubiri, akatema.

"Imeiva hii. Mwache mtoto wa watu."

Vilasini akanitolea ulimi. Kwa hasira nikakata kipande changu na mimi, nikakigusisha ulimini, nikatema. Ulimi wote ukafa ganzi hadi jioni, hata kumtukana mkeo nikashindwa.

Kaka, mizizi ile ilikuwa imelowekwa jana yake tu. Ilikuwa na sumu yake yote, na Baba hakusikia kitu.

Nimefunga kabati la dawa. Wagonjwa wamejaa barazani, na Baba haachi kuniuliza ufunguo uko wapi. Nimemwambia uliondoka nao wewe, ukausahau mfukoni.

Basi njoo uulete.

Dada yako,
Ambujam