Nimeonja Anga, Mume Wangu Anamshuku Muuza Mafuta ya Taa

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako na nakusihi unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe, na ukichelewa jibu lako litanikuta nimeshatoka mlangoni mwa ndege.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu na mama wa watoto walioota ndevu, chumba changu cha kushonea kinatazamana na barabara, na tangu niolewe sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti cha jikoni. Basi siku moja akaja mteja na fuko la ovaroli za rangi kali kali, nyekundu, njano, kijani, zote zimechanika magotini na makalioni, nikamwuliza hawa watu wanafanya kazi gani ya kutambaa, akasema hawatambai, wanaruka kutoka kwenye ndege na parachuti, na wale ambao hawajazoea ndio wanaotua kwa makalio, nikacheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Nilipomaliza kuzitia viraka nikazipeleka mwenyewe uwanjani kwao, nia yangu ikiwa kuona tu kama viraka vinakaa sawa mtu akikunja goti, nakuapia hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu.

Nikawaona wanashuka, Mama! Kule juu walikuwa wadogo kama vifungo vya shati, kisha mtu mzima na kipara chake anatua mbele yangu huku anacheka machozi yanamtoka, na mimi nikajikuta namcheka naye wala simjui. Mwalimu wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akanigeukia, "Na wewe fundi, unapanda lini?" Nikamwambia, "Mimi? Mimi naogopa hata ngazi." Akasema, "Sijakuuliza unaogopa nini. Nimekuuliza lini."

Wiki iliyofuata nikawa nimefungwa kifuani kwake kwa mikanda mipana, maana mgeni wa mchezo huu harushwi peke yake, anafungwa na mwalimu na parachuti anaibeba mwalimu, ndege ikapanda, mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia, miguu yangu ikaning'inia nje, nikasema nimebadili mawazo, lakini nadhani hayo nilikuwa nayasemea hewani. Mashavu yakapepea, mate yakakauka, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo, na katikati ya kelele nikagundua kwamba nacheka. Parachuti ilipofunguka kukawa kimya, kimya ambacho sijakisikia tangu nizaliwe, hakuna cherehani, hakuna mteja, hakuna mtu wa kuniita, nikaiona barabara yangu ya kila siku imelala kule chini nyembamba kama utepe wa kupimia, nikamwambia mwalimu mshono wa mkono wako wa kushoto umeachia, nitakurekebishia tukifika, naye akacheka hadi tukayumba. Tulitua kwa makalio.

Tangu siku hiyo sijielewi. Nimemshonea mtu suruali zipu ikakaa nyuma, nimemshonea bibi harusi mikono miwili ya kushoto, aliponionyesha nikaangua kicheko badala ya kuomba radhi, akaondoka amenuna. Nikajiunga na mafunzo ya kuruka mwenyewe, mimi nawashonea na wao wananifundisha, tumekubaliana hivyo, na somo la kwanza ni kulala hewani umebinua kiuno mbele, kichwa juu, mikono na miguu umeitawanya, ndio mwili unatulia usibingirike, basi mimi nafanya mazoezi juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nimelala kifudifudi naelea na kuhesabu kwa sauti, na mama mkwe akaingia bila hodi akanikuta katika hali hiyo. Akauliza, "Mkaza mwanangu, unaumwa wapi?" Nikamwambia nanyoosha mgongo. Sasa kila asubuhi ananiletea dawa ya kuchua.

Tatizo ni mume wangu. Yeye ni fundi rangi, mwema, mchapakazi, hana neno na mtu, ila urefu haumtaki, ngazi hapandi zaidi ya vipandio vitatu, juu ya hapo anaita vibarua, na vibarua wasipotokea anamshawishi mwenye nyumba kwamba siku hizi fasheni ni ukuta wa rangi mbili, na mtaani kwetu zipo nyumba kadhaa za fasheni hiyo. Hata mimi hapendi nisimame juu ya stuli kutundika pazia. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje? Nilimwambia naenda kuwashonea wateja wa mbali, na kweli nawashonea, kwa hiyo sikudanganya, sikumaliza tu.

Lakini ile ndege, Mama, inatoa moshi wenye harufu kama ya mafuta ya taa, na harufu hiyo inaganda kwenye nguo na nywele, nasi nyumbani tunapikia gesi, basi mume wangu akaanza kuninusa. Alinusa, akapiga hesabu zake, na mtaani kwetu mtu anayeuza mafuta ya taa ni mmoja tu, muuza duka wa pale kona, mzee wa watu aliyefiwa na mke, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi ambao mimi ndiye niliyempa, na sasa hata huo uzi umekuwa ushahidi. Juzi mume wangu alikwenda akasimama mlangoni pa duka lile amekunja mikono, anamkodolea macho. Yule mzee akamwuliza kwa upole, "Nikupatie nini, fundi?" Akajibu, "Unajua mwenyewe." Tangu hapo chumvi tunanunua mtaa wa pili. Na usiku nikicheka usingizini ananiamsha, "Nani huyo anayekuchekesha?"

Jumamosi ndiyo naruka kwa parachuti yangu mwenyewe, walimu wawili watanishika huku na huku, kisha wataniachia, nina ovaroli ya njano niliyojishonea kwa mkono wangu, na parachuti yangu imeshatengwa, mwalimu alitufundisha kuikagua, zimo mbili ndani ya mkoba mmoja, ile kubwa na ile ya akiba, alikuwa akieleza jambo fulani kuhusu kifuniko cha ile ya akiba lakini mimi nilikuwa nautazama mshono, kwa hiyo walipotoka nikabaki nyuma nikakifunua nitazame vizuri, mshono safi kabisa, sijaona kama huo, isipokuwa mtu alikuwa amesahau uzi mwekundu unaning'inia na kidonge kidogo cha chuma mwishoni, uzembe mtupu, na unajua sisi mafundi hatuwezi kuona uzi unaning'inia tukauacha, nikaukata kwa meno nikautia kwenye kopo langu la pini, kazi ikapendeza, lakini naona nimetoka kwenye mada.

Swali langu ni hili: mume wangu nimwambie kabla ya kuruka au baada? Nikimwambia kabla atanikataza, au atazimia, na akizimia nitaonekana mimi ndiye mbaya, na nikimwambia baada atasema nimemfanya mjinga. Na nisiporuka, Mama, nitaugua, nakwambia kweli. Maisha yangu yote nimeinamia sindano, hiki ndicho kitu cha kwanza kilichoniinua uso, nami nakitaka, nakitaka kama mtoto.

Ni mimi, Fundi Nisiyetulia.

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Fundi Usiyetulia,

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wangu ilibidi aweke kikombe mezani tulipofika kwenye nyumba za rangi mbili. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikaufikia uzi mwekundu, nikasimama. Umeandika karatasi kwa karatasi kuhusu mume, na uhai wako umeuchomeka katikati ya sentensi moja, halafu ukajilaumu kwamba umetoka kwenye mada. Hiyo ndiyo mada!

Mimi sijui parachuti, kwa hiyo nilimpigia simu mtu ambaye kazi yake ni kuzikunja, nikamsomea maneno yako kama yalivyo. Kisha akauliza, "Kwa meno?" Nikamwambia ndiyo, kwa meno. Akaomba dakika moja akanywe maji.

Sasa sikiliza, na safari hii usitazame mshono. Parachuti ya akiba ndiyo tegemeo lako la mwisho ile kubwa ikigoma. Hukunjwa na mtu mwenye idhini, anaikagua, anaifunga, kisha anaweka ule uzi mwembamba mwekundu na kile kidonge chenye alama yake. Ni muhuri. Maana yake ni kwamba fulani ameikunja hii, na tangu alipoifunga hakuna mkono mwingine ulioingia. Uzi wenyewe haushikilii kitu, umewekwa ukatike mtu akifungua. Ukishakatika, parachuti inaweza kuwa nzima kabisa, lakini hakuna anayeweza kukuapia kwamba ni nzima, na haitakiwi kupanda ndege mpaka ifunguliwe, ikaguliwe na ikunjwe upya. Ulidhani unafanya usafi, kumbe unang'ata dhamana ya uhai wako.

Utaniambia watagundua Jumamosi asubuhi wakikagua. Huenda. Ni kazi yao, na nina imani wanaijua. Lakini mlangoni mwa ndege mimi sitaki usimame juu ya huenda. Na wakigundua bila wewe kufungua mdomo, atakayeulizwa kwanza ni yule aliyeweka muhuri, naye hakukosa lolote. Wewe fundi unajua uchungu wa kulaumiwa kwa mshono ulioharibiwa na mwingine.

Kwa hiyo weka mkasi chini. Mpigie mwalimu sasa hivi, ukiwa bado na gazeti mkononi, hiyo parachuti iwekwe pembeni. Kisha chukua kopo la pini, nenda nalo mwenyewe, umwonyeshe ule uzi, useme, "Ni mimi." Usianze hadithi za mafundi na nyuzi zinazoning'inia. Atafoka kwa ile sauti ya kuamsha mtaa, nawe simama ufokewe. Akikuahirishia kuruka, pokea. Anga halihami, mwanangu, na ovaroli ya njano haitapauka kwa kungoja.

Tuje kwa mume. Unauliza kabla au baada. Kabla, tena leo! "Sikudanganya, sikumaliza tu." Nimekaa kwenye ukurasa huu muda mrefu, na maneno hayo yameniletea barua nyingi kuliko uongo wenyewe. Unampaka mumeo mafuta kwa mgongo wa chupa halafu unashangaa anakunusa. Yule bwana ameng'amua kwamba kuna kitu kimefunguliwa nyumbani kwake bila yeye kuambiwa. Hajui ni kitu gani, na kwa kuwa hajui, amemtwisha kosa mzee wa watu.

Sikwambii ukaombe ruhusa. Umelea, umeshona, umetunza nyumba, una haki ya kitu kimoja cha kukuinua uso. Ila mtu anayelala ubavuni mwako asijue jambo hilo kwa pua. Mwambie hivi, kwa kifupi: "Harufu hii ni ya ndege. Najifunza kuruka na parachuti. Sijawahi kufurahi namna hii, na ilinipasa kukwambia wewe kwanza." Kisha nyamaza. Atasema mengi, ataapa, atazunguka chumba, huenda akaketi sakafuni. Mwache aketi. Akikwambia anaogopa, usimcheke, na habari za vipandio vitatu usizitaje hata kwa bahati mbaya, maana mtu anayeogopa urefu na bado akachagua kazi ya ngazi ana moyo wake. Umwambie pia kuhusu uzi mwekundu na kwamba umeshaungama kwa mwalimu. Akiona umelisema kosa ambalo hakuna aliyekuona ukilifanya, ataamini na mengine.

Siku ya kuruka nenda naye, umpe kazi. Ashike chupa yako ya maji, asimame pale unapotua. Hapo ni chini kabisa, hata kipandio cha kwanza hakuna. Asipoweza kutazama juu, afumbe macho, sauti yako ataisikia kabla hujafika.

Na kabla ya hapo nendeni wote wawili dukani kwa yule mzee mkanunue chumvi. Mumeo aombe radhi, wewe usichangie neno. Dawa ya mama mkwe mrudishie kwa shukrani, umwonyeshe na jinsi ya kuelea mezani, pengine naye mgongo unamsumbua.

Jambo la mwisho. Ukishafokewa na kusamehewa, nikuombe umwulizie mwalimu kwa niaba ya mtu mmoja ninayemfahamu vizuri: wanawapokea akina mama walioacha kukimbia zamani lakini magoti bado yanakunjika? Mtu huyo anavaa saizi kubwa, anapenda zambarau, na hataki mikono miwili ya kushoto. Ukimshonea, ukaona uzi wowote unaning'inia mgongoni kwake, tafadhali uache uning'inie.